Choo cha ndoo na mboji ya nyumbani: maswali tunayoulizwa kila mara

Tunaishi Kajulu, juu kidogo ya jiji la Kisumu. Tuko watu watano, tuna migomba thelathini na kitu, mahindi, na kipande cha mboga nyuma ya jikoni. Choo chetu ni ndoo. Wageni wakishamaliza kucheka huanza kuuliza, na maswali huwa ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa ili nisiendelee kuyajibu nikiwa nimebeba ndoo yenyewe.

Yaani mnamwagia mboga mavi?

Hapana. Hakuna kibichi kinachotoka chooni kikaenda moja kwa moja shambani. Kinazikwa katikati ya biwi la majani makavu, biwi linapata joto, linapoa, kisha linaachwa. Kinachofika kwenye mgomba kimekaa zaidi ya mwaka bila kuguswa, na kwa macho wala kwa pua huwezi kukitofautisha na udongo wa msituni. Wazee waliposema mavi ya kale hayanuki walikuwa na maana nyingine, lakini hata ukiichukua kama ilivyo ni kweli tupu.

Mambo mengi utakayosoma hapa ukiyakosea unaweza kuyarekebisha kesho. Biwi likinuka, ongeza majani. Likikauka, limwagie maji. Lakini ukilifungua kabla ya wakati wake umeharibu, na wanaoharibikiwa ni watoto wako.

Si mngechimba choo cha shimo kama watu wengine?

Tulichimba. Futi nne tukakutana na mwamba, fundi akapinda mtaimbo wake, akadai siku tatu za kazi na akaondoka. Kajulu ni mawe. Ukishuka Nyalenda au Manyatta shida inageuka: maji yako karibu, shimo linajaa maji kabla ya kujaa kitu kingine, na visima vya kuchota viko hatua chache tu kutoka vyooni. Ukienda tambarare za Kano unakuta udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mto Nyando ukivunja kingo, kuta za mashimo huporomoka na yaliyomo huelea mpaka uani. Shimo ni jambo zuri pale udongo unapolikubali.

Sababu ya pili ni mbolea. Mtu mzima kwa mwaka hutoa takriban lita 500 za mkojo na lita 50 za kinyesi. Humo, hasa kwenye mkojo, mna kilo 3 hadi 4 za naitrojeni. Gunia la kilo 50 la CAN, ile mbolea ya dukani, lina kilo 13 hivi. Sisi ni watano. Hata nyingine ikipotelea hewani, bado tungekuwa tunazika karibu gunia zima kila mwaka, halafu tunapanga foleni kununua jingine, hata kama ni kwa ile bei ya ruzuku ya shilingi 2,500 iliyotangazwa 2023.

Choo chenyewe kikoje?

Ni sanduku la mbao lenye tundu juu, kiti cha plastiki cha choo cha kawaida, na ndani yake ndoo ya rangi ya lita 20. Pembeni pana debe la vumbi la mbao na kopo la kuchotea. Ndoo tupu huwekwa vumbi kwanza, kimo cha vidole vitatu. Ukimaliza haja unafunika hadi usione chochote wala kusikia harufu. Ndiyo sheria yote ya chumba hicho, na hata mtoto wetu wa miaka minne anaijua.

Familia ya watu watano hujaza ndoo moja kwa siku moja na nusu hivi, haja ndogo ikiwemo. Kwa hiyo nunua ndoo sita zenye vifuniko, si mbili. Ndoo ikijaa unaifunika na kuiweka kando. Siku ya kumwaga (sisi ni Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali) unamwaga zote pamoja, unasugua kwa maji kidogo na sabuni, na maji ya kusuuzia yanaingia biwini pia. Brashi ya kazi hiyo tumeifunga uzi mwekundu. Haijawahi kuingia jikoni na haitaingia.

Nifunike na nini?

Hapa ndipo watu wanapokwama, na hapa ndipo Kisumu ilipobarikiwa.

Vumbi la mbao kutoka kwa mafundi ndilo bora, mradi mbao hazikutiwa dawa. Lile la msumeno wa mkono au la mbao mbichi lina unyevu kidogo na hufunika harufu vizuri. Lile kavu kama unga hupeperuka na kukuingia puani. Lilowanishe kidogo.

Maganda ya mpunga yamejaa Ahero kwenye vinu vya kukoboa, na mara nyingi hupewa bure kwa kuwa wenye vinu wanataka tu yaondoke. Tatizo lake ni kwamba hayafyonzi maji. Changanya nusu kwa nusu na kitu kinachofyonza.

Makapi ya miwa kutoka ukanda wa Chemelil na Muhoroni, au kwenye viwanda vidogo vya sukari nguru kule Kakamega, yanafyonza vizuri mno. Yaanike kwanza. Yakiwa mabichi yana sukari, na sisimizi watakuja kukuamkia chooni saa kumi na moja alfajiri. Nasema kwa uzoefu wa makalio.

Gugumaji la Ziwa Victoria likikaushwa na kukatwakatwa linafaa kwa biwi zaidi kuliko kwa ndoo.

Na majivu? Swali hili huulizwa sana kwa sababu vyoo vikavu vya kutenganisha mkojo hutumia majivu. Kule ni sawa: kinyesi hukaushwa, na majivu huongeza ukali wa kuua vijidudu. Biwi letu ni jambo tofauti. Tunataka bakteria wafanye kazi na kutoa joto, na majivu mengi huwapooza. Kopo moja kwa wiki halina neno. Debe zima, hapana. Chagua njia moja uifuate. Ukizichanganya mbili unapata kitu ambacho hakikukauka wala hakikuiva.

Inanuka? Nzi je?

Ndoo iliyofunikwa vizuri hunukia duka la seremala. Ikinuka kitu kingine, mtu kafunika kwa ubahili. Nzi ni hivyohivyo.

Sisi hujisafisha kwa maji.

Sawa kabisa. Ongeza vumbi, basi. Maji ya kustanji si mengi kiasi cha kuharibu ndoo, ila utaijaza mapema kidogo na utahitaji gunia moja zaidi la vumbi kwa mwezi.

Biwi linajengwaje?

Tengeneza vizimba viwili vya mabanzi au mbao za bei rahisi, kila kimoja mita moja na robo hivi kila upande, na kimo kama hicho. Kidogo kuliko hapo hakishiki joto. Weka waya wa kuku kuzunguka na juu, kwa sababu mbwa wa jirani hana adabu na kuku wako hana akili. Kikae juu ya udongo, si juu ya saruji. Kisima au kijito kisiwe karibu: mita 30 au zaidi, na kizimba kiwe upande wa chini wa mteremko, si upande wa juu. Wanaokaa ufukweni wawe waangalifu zaidi, kwani kichocho cha matumbo husambaa kinyesi kikifika majini penye konokono, na ziwa hili linao.

Chini kabisa tandika majani makavu kimo cha goti, mabua ya mahindi au nyasi. Hilo ndilo godoro linalonyonya majimaji. Siku ya kumwaga unafukua shimo katikati ya biwi kwa jembe la meno, unamwaga ndani yake, unarudisha ulichofukua, kisha unafunika juu kwa nyasi nene. Siku zote katikati, kamwe si pembeni, maana joto liko katikati. Maganda ya ndizi, mabaki ya sima, majani ya sukuma yaliyoliwa na wadudu, vyote hutupwa humo humo.

Kizimba cha kwanza kikijaa, kwetu huchukua karibu mwaka, unakifunika kwa nyasi na kukifunga. Unahamia cha pili. Hakuna kugeuza. Najua vitabu vya mboji ya kawaida husema geuza kila wiki mbili, lakini hapa kugeuza ni kuchezea kinyesi kisichoiva, na faida yake haifiki hatari yake.

Nitajuaje kama limepata joto?

Kipimajoto chenye mguu mrefu kinasaidia, lakini sisi tulianza na nondo. Kipande cha futi nne, kilichobaki wakati wa kujenga, kimechomekwa katikati ya biwi mchana na usiku. Ukikichomoa na kushika ile ncha iliyokuwa ndani, unapaswa kukiachia. Ukiweza kukishikilia huku unapiga gumzo, biwi limelala: pengine limekauka, pengine halina hewa, pengine majani ni mengi kuliko kinachofunikwa. Mwaga ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, subiri siku tatu, jaribu tena. Na nawa mikono.

Namba za kukumbuka ni hizi. Mayai ya minyoo, ambayo ndiyo sugu kuliko vijidudu vyote vya tumboni, hufa kwa joto la digrii 62 kwa saa moja, au 50 kwa siku nzima, au 46 kwa wiki, au 43 kwa mwezi. Biwi lililojengwa vizuri hupita 50 bila shida. Ila hupita katikati. Pembeni ni vuguvugu. Utaona ushahidi wake mwenyewe: mbegu za nyanya hupita tumboni mwa mtu zikiwa nzima, na ukiona miche ya nyanya imechipua kwenye ukingo wa biwi, ujue pale joto halikufika. Kama mbegu imepona, yai la mnyoo huenda limepona pia. Ndiyo maana hatulitegemei joto peke yake.

Basi tungoje muda gani?

Hesabu inaanza siku ndoo ya mwisho ilipoingia, si siku ya kwanza. Watu hulikosea hili kila mara. Ukianza kujaza Januari na kufunga Desemba, mwaka wako unaanza Desemba.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unasema kinyesi kihifadhiwe bila kuongezewa kipya kwa zaidi ya mwaka mmoja mahali penye wastani wa digrii 20 hadi 35, na kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili mahali penye baridi chini ya 20. Kisumu, mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, iko kwenye kundi la kwanza. Nakuru iko mita 1,850 hivi, usiku wake unajua kutetemesha, na iko kwenye kundi la pili. Shemeji yangu wa Nakuru alikuwa akifuata tarehe zetu. Nikamwambia aongeze mwaka wa pili, akaniuliza kama jiji jipya limekatazwa kuwa na haraka.

Tarehe tunaiandika kwa mkaa kwenye ubao wa mbele wa kizimba. Mwaka wa pili wa kazi hii, kizimba kikiwa kimefungwa miezi tisa, mpwa wangu aliyekuja likizo alitumwa kumwaga ndoo. Akaona kizimba kimoja kina nyasi safi juu, kingine kina mambo mengi, akachagua kile safi. Ndoo moja tu. Nilikaa nikitazama ule ubao kwa muda, nikafuta tarehe kwa kiganja, nikaandika ya siku hiyo. Miezi tisa ikaenda hivyo. Tangu siku hiyo kizimba kilichofungwa kina kufuli, hata kama ni cha mabanzi unayoweza kuyavunja kwa teke.

Na kama mmoja wetu ana minyoo?

Chukulia kwamba anayo, hata kama hana dalili. Muda uliotajwa hapo juu umewekwa kwa ajili ya nyumba zenye minyoo. Watoto wameze dawa zinazogawiwa shuleni, na watu wazima nao wasijifanye wakubwa kuliko minyoo.

Kipindupindu, homa ya matumbo au kuhara damu ni habari nyingine. Mgonjwa wa namna hiyo ni wa hospitali, na kinyesi chake hakiingii biwini. Fuata maagizo ya wahudumu wa afya kuhusu klorini na mahali pa kumwaga. Klorini nayo usiimwage biwini, itaua bakteria wako.

Nepi za kutupa na sodo za plastiki hazioi. Zina pipa lao.

Mkojo peke yake unatumikaje?

Kwa mtu ambaye bado anaona kinyaa, aanzie hapa. Ni rahisi, una nguvu, na una hatari ndogo mno ukilinganisha na kinyesi, mradi haujachanganyika nacho.

Sisi wanaume tuna mtungi wa lita 20 wenye faneli. Unafungwa kifuniko barabara, la sivyo naitrojeni inapaa na majirani wanajua. Ukikaa, mkojo huwa mkali zaidi kwa amonia, na ukali huo huua vijidudu. Kwa shamba la familia inayokula mazao yake yenyewe hauhitaji kukaa muda mrefu, mradi upite mwezi mzima kati ya kumwagilia mara ya mwisho na kuvuna. Kwa mazao ya kuuza, uhifadhi miezi 6 mahali penye joto la digrii 20 au zaidi.

Kipimo: mkojo wa mtu mmoja wa siku moja unatosha mita moja ya mraba kwa msimu mzima. Changanya na maji mara tatu hadi tano. Mahindi yakifika magotini, chora mfereji mdogo kiganja kimoja kutoka shinani, mimina, fukia palepale. Usimwage kwenye majani. Yatababuka kama yaliyopitiwa na moto. Jirani aliyenicheka mwaka wa kwanza alisimama kwenye ua akitazama mistari miwili ya mahindi yangu, mmoja umepata na mmoja haukupata, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ule wa ng'ombe nao unafaa.

Mboji iliyoiva niipeleke kwenye mazao gani?

Migomba, mipapai, miembe, maparachichi, nepia ya ng'ombe, maua, mahindi. Vitu vinavyozaa juu, mbali na udongo, au visivyoliwa na watu. Kunde, mnavu na mrenda hupikwa, na wengi huziwekea. Mimi huziwekea mboji ya miaka miwili tu, naifukia kabla ya kupanda, wala siirudishi juu baada ya mboga kuota. Karoti, dania, vitunguu vya kachumbari na chochote kinacholiwa kibichi hakipati hata kiganja. Pengine nina woga kupita kiasi. Nina watoto.

Naweza kuuza mboga hizo sokoni?

Mwambie mnunuzi. Sijui njia nyingine ya heshima. Na kama unalima mishiri (maharagwe ya kijani ya kuliwa na maganda) au kitu kingine cha kwenda Ulaya kwa cheti cha GLOBALG.A.P., uchafu wa vyoo vya binadamu umekatazwa kwenye mashamba hayo. Usihatarishe cheti cha kikundi kizima kwa debe la mboji.

Mvua za masika?

Machi hadi Mei biwi linahitaji kofia. Bati kuukuu lililoinama linatosha, na mfereji upande wa juu wa mteremko. Kama boma lako hupata mafuriko, kama ilivyokuwa kwa wengi wa Nyando na ufukweni mwaka 2020 ziwa lilipopanda, kizimba kiinuliwe juu ya tuta, au uachane na jambo hili. Biwi lililoelea halina tofauti na choo kilichofurika.

Wakwe watasemaje?

Kwa Waluo na Waluhya wengi, mkwe na mkwe hawaingii choo kimoja. Kwa choo cha shimo hilo humaanisha kuchimba kingine, na unajua gharama yake. Kwa ndoo ni sanduku la pili na jioni moja ya kazi. Mama mkwe wangu alipokuja kukaa nasi alikuta lake nyuma ya nyumba ya wageni, na mlango wake na pazia jipya. Kwamba ndoo zote mbili huishia kizimba kimoja hatukumwambia, naye, mama wa watu, hakuuliza.

Serikali inaruhusu?

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inakataza kero: harufu, nzi, uchafu unaovuja kwa jirani. Ongea na afisa wa afya ya umma wa eneo lako kabla hujaanza. Wetu alikuja amekunja uso, akaonyeshwa nondo, akaishika, akaiachia, akaondoka akiwa na maswali ya shamba lake mwenyewe.

Napanga chumba Kondele. Nifanyeje?

Usifanye. Unahitaji ardhi, na unahitaji uhakika wa kuwa papo hapo mwaka kesho na mwaka keshokutwa. Mijini kazi hii ifanywe na wenye mitambo. Naivasha na Nakuru, kwa mfano, kinyesi kilichokusanywa kimewahi kutibiwa na kugeuzwa makaa ya kupikia.

Hakuna njia rahisi zaidi?

Ipo, kwa wenye udongo wa kuchimbika na maji ya ardhini yaliyo mbali. Chimba shimo fupi, mita moja au zaidi kidogo, weka kibao na kibanda chepesi cha kubebeka. Kila haja inafuatiwa na udongo, majivu na majani. Likibakiza nusu mita, hamisha kibanda, jaza udongo mzuri juu, panda mpapai au mgomba mvua ikianza. Hubebi ndoo, hufukui kitu. Boma baada ya miaka michache linakuwa na mstari wa miti inayoonyesha familia ilikaa wapi mwaka gani. Mtindo huu ulienezwa Zimbabwe, na kama Kajulu isingekuwa mawe ndio ningeutumia.

Mboji ikiiva huonekanaje?

Nyeusi, nyepesi, inavunjika mkononi, na biwi lililokuwa kifuani limeshuka chini ya goti. Vaa glavu na viatu vya mpira hata hivyo. Tunaipitisha kwenye wavu wa kuchekecha mchanga, debe moja kwa kila shimo la mgomba, na vinavyobaki juu ya wavu hurudi kwenye kizimba kipya: magunzi, vijiti, kokwa za maembe. Mara ya mwisho vilibaki pia vifungo vitatu vya shati na kile kijiko cha chai ambacho mke wangu alimshuku dada yangu nacho kwa miaka miwili.